Logicomix: riwaya ya picha kuhusu watu waliotafuta msingi wa hisabati

Kitabu ninachokipitia hapa ni riwaya ya picha iitwayo Logicomix, iliyotungwa na Apostolos Doxiadis na Christos Papadimitriou, ikachorwa na Alecos Papadatos na kutiwa rangi na Annie Di Donna. Ilitoka kwanza kwa Kigiriki mwaka 2008, na toleo la Kiingereza la Bloomsbury, ambalo ndilo nililonalo, likafuata mwaka 2009. Ina kurasa zaidi ya 300 za picha za rangi, na inashughulikia jambo ambalo watu wengi wangeapa kwamba halichoreki: historia ya wanahisabati na wanafalsafa waliojaribu, kati ya mwisho wa karne ya 19 na miaka ya 1930, kuijengea hisabati yote msingi mmoja wa mantiki usiotikisika. Mhusika mkuu ni Bertrand Russell, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Uingereza, na waliomzunguka ni Alfred North Whitehead, Gottlob Frege, Georg Cantor, David Hilbert, Ludwig Wittgenstein na Kurt Gödel, majina ambayo mwanafunzi wetu hukutana nayo chuo kikuu, akibahatika kukutana nayo, tena katika sentensi kavu za utangulizi wa somo.

Nimekisoma peke yangu na nimekisoma pamoja na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na hukumu yangu naitoa mapema. Kati ya vitabu nilivyosoma vinavyotumia picha kuwafikishia watu wa kawaida fikra ngumu, hiki ndicho bora, na kina kasoro moja kubwa ambayo kila mwalimu anayetaka kukitumia anapaswa kuijua kabla hajakigawa darasani. Ubora wake umo katika namna kinavyomfanya msomaji ajali kwa nini swali liliulizwa. Kasoro yake ni kwamba mara kadhaa maumivu ya muulizaji yanachukua nafasi ya swali lenyewe.

Jitihada za kuzipitisha kazi kubwa katika picha zina historia ndefu. Mwaka 1941 huko New York, Albert Kanter alianzisha mfululizo uliokuja kujulikana kama Classics Illustrated, akaanza na riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu wale askari watatu wa mfalme, na mfululizo huo ukafikia zaidi ya vitabu 160. Mwishoni msomaji alihimizwa akatafute kitabu chenyewe shuleni au maktaba. Mwaka 1967 Anant Pai alianzisha Amar Chitra Katha nchini India, iliyowapa watoto tenzi na visa vya kale vya nchi yao kwa vibonzo. Sisi Waswahili nasi si wageni wa vibonzo: Juha Kalulu wa Edward Gitau ametembea katika Taifa Leo kwa miongo mingi, na waliokua na gazeti la Sani wanawajua Ndumilakuwili na Lodi Lofa kama majirani. Tamthilia za Ulaya za karne zilizopita tumeletewa kwa maneno, na Mwalimu Nyerere na Juliasi Kaizari wake, na Samuel Mushi na Makbeth yake, lakini njia hizo mbili, ya vibonzo na ya fasihi iliyotukuzwa, kwa kiasi kikubwa zimekwenda kila moja upande wake. Ndiyo maana naona inafaa kukitazama kwa karibu kitabu kilichozikutanisha kwa mafanikio, ijapokuwa kimetoka mbali.

Kuna tofauti moja ya msingi kati ya Logicomix na mifululizo niliyoitaja. Anayechora riwaya ya Dumas anapokea kisa kilichokamilika, na kazi yake kubwa ni kupunguza. Anayechora historia ya mantiki hana kisa cha kupunguza, kwa hiyo analazimika kukijenga, na kila uamuzi wake wa ujenzi ni dai kuhusu maana ya fikra zenyewe. Mafanikio na makosa ya kitabu hiki yote yanatoka hapo.

Hadithi inakwenda katika ngazi tatu zinazopokezana. Ya kwanza ni Athens ya siku zetu, ambako watunzi wamejichora wenyewe: Doxiadis anamkaribisha msomaji uso kwa uso, anamwendea Papadimitriou, ambaye ni mtaalamu wa nadharia ya kompyuta, kumwomba ushauri, kisha wote wanakutana na wachoraji studioni na kubishana jinsi kisa kinavyopaswa kusimuliwa. Ya pili ni mhadhara ambao Russell anautoa katika chuo kikuu kimoja cha Marekani tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani. Ya tatu ni maisha ya Russell tangu utotoni, kama anavyoyasimulia katika mhadhara huo. Mpangilio wa namna hii ungeweza kumchosha msomaji, lakini umechorwa kwa uangalifu mkubwa, na baada ya kurasa chache jicho linatambua liko wapi bila kuambiwa.

Mhadhara ni wa kubuni, na ni ubunifu wa busara. Mlangoni mwa ukumbi wamesimama Wamarekani wasiotaka nchi yao iingie vitani. Wanamjua Russell kuwa ni mtu aliyefungwa jela mwaka 1918 kwa sababu ya kuipinga Vita Kuu ya Kwanza, na wanamtaka aungane nao. Yeye anawaalika waingie, kwa kuwa mada yake ni nafasi ya mantiki katika mambo ya wanadamu, na anawataka wamsikilize kwanza ndipo waamue. Kuanzia hapo kila jambo la kihisabati linalofuata linabeba uzito wa swali la kufa na kupona: je, iko njia ya kufikiri inayoweza kumwambia mtu kwa hakika kama ni haki kupigana na Hitler? Mwanafunzi aliyedhani kwamba misingi ya hesabu ni shauri la wazee wa Cambridge wasio na kazi nyingine anajikuta ameketi miongoni mwa watu wenye hasira wanaosubiri jibu. Sijaona kitabu cha kiada kilichoweza kumfikisha mwanafunzi mahali hapo.

Sehemu ya utoto ni miongoni mwa zile zilizochorwa vizuri zaidi. Russell alizaliwa mwaka 1872, akafiwa na mama, dada na baba kabla hajatimiza miaka minne, akalelewa na bibi yake katika nyumba ya Pembroke Lodge chini ya nidhamu kali ya dini. Wachoraji wameijaza nyumba hiyo vivuli na sauti za usiku ambazo hakuna mtu mzima aliye tayari kuzieleza. Mtoto anauliza, anazuiwa. Anauliza tena, anazuiwa tena. Ndipo anapokutana na jiometri ya Euclid, na kwa mara ya kwanza anaona mambo ambayo ukweli wake hautegemei cheo cha anayeyasema. Furaha hiyo haidumu, maana hata Euclid anaanza na kauli ambazo sharti zikubaliwe bila kuthibitishwa, na mtoto aliyekwisha kuchoshwa na kuambiwa aamini tu anaambiwa hivyo kwa mara nyingine. Kiu iliyomsukuma Russell kwa nusu ya kwanza ya maisha yake imeelezwa hapa kwa picha zenye maneno machache mno, na msomaji anaielewa kwa sababu naye aliwahi kuwa mtoto aliyezuiwa kuuliza.

Kiini cha kihisabati cha kitabu ni mkinzano ambao Russell aliugundua mwaka 1901, na hapa ndipo nilipotaka hasa kuona kama picha zinaweza kuubeba mzigo wenyewe. Cantor alikuwa amewafundisha wanahisabati kufikiri kwa seti, yaani mikusanyiko ya vitu, na Frege alikuwa anaijenga hesabu juu ya wazo kwamba kila sifa ina mkusanyiko wake: sifa ya kuwa chekundu ina seti ya vitu vyote vyekundu, na kadhalika. Russell akauliza kuhusu seti zinazojijumuisha na zile zisizojijumuisha. Seti ya vijiko vyote si kijiko, kwa hiyo haimo ndani yake yenyewe. Seti ya vitu vyote visivyo vijiko nayo si kijiko, kwa hiyo imo ndani yake yenyewe. Sasa ichukue seti ya seti zote zisizojijumuisha. Je, inajijumuisha? Ukisema ndiyo, unalazimika kusema hapana, na ukisema hapana, unalazimika kusema ndiyo. Logicomix inalileta jambo hili kwa mfano maarufu wa kinyozi: katika mji fulani sheria inamtaka kila mwanamume awe amenyolewa ndevu, na kinyozi huwanyoa wale wote wasiojinyoa wenyewe, na hao peke yao. Kinyozi mwenyewe atanyolewa na nani?

Mwalimu yeyote anaweza kuusimulia mfano huo mbele ya ubao. Lakini kinyozi aliyechorwa ana uso, na ana sheria inayomkaba, hivyo msomaji anayemtazama hapotezi muda kuuliza kama swali lina maana. Anaanza mara moja kumtafutia njia ya kutoka. Wanafunzi wangu walipendekeza afuge ndevu, wakakumbushwa sheria. Mmoja akasema kinyozi awe mwanamke, na hapo ubishi ukawa mzuri kwelikweli, kwa sababu ndani ya mfano wa kinyozi jibu hilo linatosha, ilhali kwenye seti mlango huo haupo. Kinyozi mwanamume wa namna hiyo anaweza tu kuwa hayupo, na mji ukaendelea na shughuli zake. Kanuni ya Frege ilikuwa inailazimisha seti hiyo iwepo. Tofauti hii ndiyo moyo wa jambo zima, na kitabu hakiisemi kwa uwazi wa kutosha. Msomaji anayeondoka na kinyozi peke yake ataona fumbo la kufurahisha, wala hataelewa kwa nini Frege, alipopokea barua ya Russell mwezi Juni 1902, juzuu ya pili ya kitabu chake ikiwa tayari kwa mpiga chapa, aliongeza kiambatisho kukiri kwamba msingi wa jengo lake umetikisika. Kukiri huko kwa Frege ni kitendo kimojawapo cha uadilifu mkubwa katika historia ya elimu, na kwa maoni yangu kilistahili kurasa nyingi zaidi ya zile kilizopewa.

Kazi ya Russell na Whitehead ya kulijenga jengo upya ilichukua takriban miaka kumi na ikazaa juzuu tatu za Principia Mathematica, zilizochapishwa kati ya 1910 na 1913. Ni kitabu ambacho msomaji huvuka zaidi ya kurasa 300 ndipo afikie kauli ambayo kutokana nayo itafuata kwamba moja na moja ni mbili. Mpiga chapa wa Cambridge aliona atapata hasara, na waandishi wawili wakalazimika kutoa pauni 50 kila mmoja kutoka mifukoni mwao. Logicomix inauonyesha uchovu wa miaka hiyo kwa ustadi: karatasi zinazoandikwa na kufutwa, ndoa inayopoa, rafiki mmoja anayetaka kuchapisha na mwingine anayeona kila kauli ingali na ufa. Isichoonyesha ni ukurasa hata mmoja wa uthibitisho ambao msomaji anaweza kuufuata hatua kwa hatua. Nafahamu hofu ya watunzi kwamba alama zingemfukuza msomaji. Hata hivyo mtu aliyekwisha kubeba misiba ya familia ya Russell angeweza kubeba pia hatua tano za mantiki, na angetoka nazo akiwa na kitu mkononi.

Wittgenstein, aliyetoka Austria na kufika Cambridge mwaka 1911 baada ya kusomea uhandisi, ametendewa haki zaidi. Kurasa zinazomwonyesha vitani, mizinga ikilia, zinafaulu kwa sababu wazo lake lenyewe linaafikiana na aina hii ya sanaa. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1921 alisema kwamba kauli ni picha ya hali ya mambo, na kwamba yale yanayogusa maana ya maisha hayasemeki kwa kauli, hujionyesha tu. Nathari inayolieleza wazo hilo hulazimika kusema kwa maneno mengi kwamba maneno hayatoshi. Riwaya ya picha inaweza kunyamaza katikati ya ukurasa, na hapa watunzi wamekuwa na ujasiri wa kunyamaza.

Nikija kwa Gödel, nasikitika kusema kwamba kitabu kinaharakisha mahali ambapo kingepaswa kukaa kitako. Mwaka 1931 Gödel alichapisha uthibitisho kwamba mfumo wowote wa kanuni usio na mkinzano, wenye kanuni zinazoweza kuorodheshwa kwa utaratibu na wenye uwezo wa kubeba hesabu ya kawaida, utakuwa na kauli za kweli kuhusu namba ambazo hauwezi kuzithibitisha. Katika Logicomix habari hiyo inatangazwa, nyuso zinasawajika, na ndoto ya Russell na Hilbert inahesabiwa kuwa imekwisha. Msomaji anaona nyuso zikibadilika kabla hajaelewa kilichozibadilisha. Na kilichozibadilisha kinachoreka vizuri sana: Gödel aliipa kila alama na kila kauli namba yake, kwa hiyo kauli kuhusu namba ikawa inaweza pia kuwa kauli kuhusu kauli, mpaka akaipata moja ambayo, ikisomwa kwa njia hiyo, inasema kwamba yenyewe haithibitiki. Kurasa nne za kinyozi mpya, aliyevishwa namba, zingetosha. Hazipo.

Sasa niiseme ile kasoro kubwa. Kutoka mwanzo hadi mwisho kitabu kinasukuma wazo kwamba mantiki na wazimu ni ndugu. Cantor anaonyeshwa hospitalini mjini Halle, akiwa amezama katika fikra za ajabu. Frege anaonyeshwa akizeeka kwa uchungu na chuki dhidi ya Wayahudi. Familia ya Russell ina historia ya maradhi ya akili, na mwenyewe anaogopa kuirithi. Mengi ya mambo haya ni kweli yakichukuliwa moja moja. Cantor aliugua kweli, na maandishi ya Frege ya mwaka 1924 yana chuki hiyo bila kificho. Lakini kuyapanga pamoja ili yaonekane kama sheria ni jambo jingine, na ushahidi wa sheria hiyo ni dhaifu. Russell mwenyewe aliishi miaka 97, akiandika na kupinga silaha za nyuklia hadi uzeeni. Whitehead aliondoka kwenye hisabati akaenda kufundisha falsafa Harvard, na hakuna aliyelazimika kumfungia mlango.

Nalikazia jambo hili kwa sababu ya mahali ninapofundisha. Katika jamii zetu bado yako maneno kwamba kusoma kupita kiasi kunaharibu akili, na nimewasikia wazazi waliomwonya mtoto aache hisabati kabla haijamchanganya. Msichana mwenye kipaji cha hesabu, aliyepewa kitabu hiki kama zawadi, anaweza kukifunga akiwa na hofu ambayo hakuna mtu aliyekusudia kumpa. Ugonjwa wa akili huwapata wanahisabati, wavuvi na madereva wa malori. Wanahisabati tu ndio hutungiwa riwaya kuuhusu. Kwa haki ni lazima niseme kwamba watunzi wenyewe wanalijadili suala hili ndani ya kitabu, katika zile kurasa za Athens, na hawaafikiani. Pamoja na hayo, picha ya mtu anayeteseka hukaa akilini kwa muda mrefu kuliko pingamizi la kistaarabu linalotolewa baadaye.

Kuhusu usahihi wa kihistoria, msomaji aonywe kwamba baadhi ya mikutano muhimu haikutokea. Russell hakuwahi kukutana ana kwa ana na Frege wala na Cantor, ingawa kitabu kinampeleka kwa wote wawili. Watunzi wanakiri jambo hilo katika maelezo ya mwisho, ambako pia kuna faharasa nzuri ya watu na dhana. Mimi naiona ruhusa hiyo kuwa halali kwa riwaya. Barua ya Russell na jibu la Frege ni karatasi mbili, ilhali mazungumzo ya watu wawili chumbani ni mchezo, na mchezo ndio unaochoreka. Ningependa tu ukiri huo uwekwe mwanzoni, mahali ambapo mwanafunzi anayenakili kwa ajili ya insha atauona.

Zile kurasa za Athens, ambazo baadhi ya wasomaji huzirukaruka, kwangu ndizo hazina ya kitabu. Vitabu vingi vya kuwarahisishia watu elimu vinazungumza kwa sauti moja ya mtu anayejua, na msomaji hana la kufanya ila kupokea. Hapa watu wanne au watano wenye akili, wanaopendana, wanabishana mbele yetu. Doxiadis anaiona hadithi kuwa msiba: watu waliutafuta uhakika, hawakuupata, wakavunjika. Papadimitriou anakataa. Kwake yeye ukikatisha hadithi pale kwa Gödel umeikatisha kabla ya mwisho wake, maana kutokana na kushindwa huko Alan Turing aliandika, mwaka 1936, kuhusu mashine ya kuwaziwa inayoweza kufuata kanuni yoyote iliyoandikwa kwa usahihi, na kutoka kwenye mawazo hayo na ya John von Neumann ikatoka kompyuta. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji inafanya kazi kwa mantiki ambayo wazee hawa waliinoa wakitafuta kitu kingine kabisa. Ubishi huo hausuluhishwi, na wanafunzi waliousoma waligawanyika kambi mbili bila mimi kuwaomba. Papadimitriou ana hoja yenye nguvu zaidi, na natamani kitabu kingempa picha nyingi za kuitetea badala ya kumwachia maneno ya mdomoni tu.

Na mwisho wa kitabu unaleta fasihi ya kale yenyewe, jambo ambalo sikulitarajia katika riwaya kuhusu hisabati. Watunzi wanakwenda kutazama Oresteia, tamthilia tatu za Aeschylus zilizochezwa Athens kwa mara ya kwanza mwaka 458 kabla ya Kristo. Orestes amemuua mama yake kulipiza kisasi cha baba yake, na mizuka ya kisasi inamfuata ikidai damu. Mungu wa kike Athena anaunda baraza la raia lisikilize shauri hilo. Kura zinalingana, na kura yake inamwachia huru mshitakiwa. Mchezo ungeweza kuishia hapo, lakini Aeschylus anaendelea, kwa kuwa mizuka bado ina ghadhabu na inaweza kuuangamiza mji. Athena anaibembeleza, anasema nayo kwa subira, mpaka inakubali kupewa makao na heshima ndani ya mji uleule. Kurasa hizi zimewekwa baada ya Russell kuwaambia wale Wamarekani kwamba hana kanuni ya kuwapa, kwamba wapime wenyewe na wabebe wajibu wa uamuzi wao. Bila mtu kusimama kueleza, msomaji anaona kwamba hoja zinapofika kikomo bado ipo kazi ya akili ya kufanya: kushawishi, kusikiliza, kumtengea nafasi hata yule unayemwogopa. Mwanafunzi mmoja aliniomba tamthilia yenyewe siku iliyofuata. Kwa kitabu cha vibonzo, sijui ushindi mwingine ulio mkubwa zaidi ya huo.

Michoro ni ya mistari safi na nyuso zinazotambulika haraka, jambo la lazima katika hadithi yenye wanaume wengi wenye suti na masharubu. Papadatos na Di Donna wametoka katika utengenezaji wa filamu za vibonzo, na inaonekana katika namna wanavyopanga mwendo na mwanga. Wanawake hawakupewa nafasi ya kutosha: Alys, mke wa kwanza wa Russell, ana uhai mwingi alipoingia, kisha anafifia hadi kuwa mtu wa kusubiri mlangoni.

Kiingereza chake si kigumu kwa mwanafunzi wa sekondari ya juu, ila kuna mambo ya ndoa, vita na ugonjwa ambayo hayawafai watoto wa shule ya msingi. Nakala ya kielektroniki siipendekezi kwa wanaosomea kwenye simu, kwa sababu kila ukurasa una visanduku vingi na maneno madogo, na ukikikuza kisanduku kimoja unaupoteza mpangilio wa ukurasa mzima, ambao ni sehemu ya maana. Nakala ya karatasi ikiagizwa kutoka nje ni ghali kwa mfuko wa mwalimu, kwa hiyo ninashauri shule mbili au tatu zichangie moja na kuizungusha. Maktaba ikishaipata, mkutubi aweke alama kwenye faharasa ya mwisho na kwenye maelezo kuhusu yaliyobuniwa, na mwalimu wa hisabati aandae mapema karatasi moja ya kurasa mbili kuhusu namba za Gödel, ili imfikie msomaji mara tu atakapofika kwenye sura ile iliyoharakishwa.